BARUA PEPE YA DUKA IKIRUDI IKISEMA "MTEJA HAYUPO": SOMA HII KABLA HUJAMFUTA

Somo la leo ni refu kidogo, kwahiyo kama una mteja dukani mhudumie kwanza, alafu urudi usome kwa utulivu.

Leo tunaongelea ule ujumbe wa Kiingereza unaokurudia baada ya kutuma barua pepe. Una namba namba, una maneno magumu, na wengi tukiuona tunajua jambo moja tu: barua haijafika.

Najua wengi wetu tunauza kwa WhatsApp, Facebook na Instagram, na barua pepe tunaona ni mambo ya maofisini. Lakini angalia oda kubwa zinakujaje. Hoteli ya Karatu inayotaka kitunguu saumu cha Mbulu kila wiki, duka la zawadi Arusha linalotaka bangili na shanga za akina mama wa Kibarbaig, ofisi inayotaka asali ya kugawa wafanyakazi mwisho wa mwaka. Hao hawakwambii "nicheki inbox". Wanakwambia "tutumie profoma kwa barua pepe kabla ya saa 10 jioni". Isipofika, saa 10 na dakika 5 oda ni ya mtu mwingine.

Tuseme ni wewe. Kilo 60 za kitunguu saumu, mzigo upo stoo, profoma umeshaandika vizuri. Unatuma. Baada ya dakika moja inarudi, na ndani imeandikwa "550 5.1.1 User unknown", yaani huyo mtu hatumjui. Na ni mteja uliyeandikiana naye wiki iliyopita!

Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo matatu. Kuna anayefuta anwani ya mteja akidhani kahama kazi. Kuna anayebadilisha paswodi yake. Na kuna anayetuma tena na tena mpaka mara kumi. Yote matatu yanaweza kukuumiza, kwa sababu mara nyingine tatizo haliko kwako na wala haliko kwa mteja. Kilichogoma ni daftari.

Daftari gani? Twende taratibu.

1. MADAFTARI MAWILI AMBAYO HUYAONI

Fikiria unapakia mzigo kwenye basi hapa Haydom kwenda Arusha. Ili umfikie mteja, maswali mawili lazima yajibiwe. La kwanza, mzigo ushushwe ofisi gani? La pili, pale ofisini, huyu mtu anayeitwa hivi tunamjua?

Barua pepe inasafiri hivyohivyo. Anwani ina sehemu mbili, kabla ya alama ya @ na baada yake.

Daftari la kwanza linahusu sehemu ya baada ya @. Linaitwa DNS. Kazi yake ni kujibu "barua za jina hili la duka zinapokelewa na seva gani?" Jibu hilo kwa barua pepe lina jina lake, wataalamu wanaliita MX. Ukiona mtu anasema "angalia MX", anamaanisha angalia ofisi ya kushushia mzigo.

Daftari la pili linahusu sehemu ya kabla ya @. Ni orodha ya watumiaji iliyopo kwa mwenye seva, yaani ile kampuni unayoilipa ikuhifadhie tovuti na barua pepe. Humo ndo kuna majina ya vikasha vyote na paswodi zake. Kwenye kampuni na mashirika makubwa orodha hii hukaa kwenye mfumo maalumu kama LDAP au Active Directory, na kwa wengine hukaa kwenye hifadhidata ya kawaida. Seva ya barua yenyewe haikariri majina. Kila barua ikija inaenda kuuliza: huyu yupo? Na kila wewe ukiingia kusoma barua inaenda kuuliza: paswodi hii ni yake?

Sasa jiulize, daftari likifungiwa kabatini na mwenye ufunguo ametoka, mhudumu wa ofisi atasema nini?

Mhudumu makini atasema, "Sina daftari saa hizi, rudi baadae." Mhudumu asiyejali, au aliyefundishwa vibaya, ataangalia meza tupu na kusema, "Huyo mtu hayupo." Mteja yupo, mzigo upo, gari limefika, lakini jibu ulilopewa ni la uongo. Ukilishika hilo, nusu ya somo umeshaimaliza.

2. LILISHAWAKUTA WAKUBWA

Usidhani ni shida ya seva za bei rahisi tu. Mifano miwili ya kweli hii hapa.

Jumatatu ya tarehe 14 Desemba 2020, mchana wa kwetu, kuanzia kama saa 8 na dakika 46, huduma za Google zilizohitaji mtu kuingia na akaunti ziligoma dunia nzima: Gmail, YouTube, Google Drive. Ilichukua kama dakika 47. Seva za barua hazikuwa zimeungua. Mfumo unaotambua watumiaji, yaani daftari la pili, ulipunguziwa nafasi ya kufanyia kazi kimakosa na mfumo mwingine wa kujiendesha wa haohao Google. Daftari likawa halijibu, kwahiyo hakuna aliyetambulika.

Saa chache baadae, na tena tarehe 15 kwa saa za Marekani, ikaja shida nyingine. Wakati wanabadilisha mipangilio, seva ya kupokea barua ikawa inatafuta jina lisilo sahihi badala ya gmail.com. Matokeo yake, watu waliotuma barua kwenye anwani za Gmail ambazo ni nzima kabisa walijibiwa 550 5.1.1, akaunti hiyo haipo. Haikuwa kweli. Lakini programu nyingi za kutuma matangazo ya biashara zikiona 550 huweka alama kwamba anwani imekufa na haziitumii tena. Kuna wafanyabiashara walilazimika kukaa chini na kurudisha wateja wao mmoja mmoja kwenye orodha.

Mfano wa pili ni tarehe 4 Oktoba 2021. Hii wengi mnaikumbuka, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima jioni mpaka usiku, karibu saa 6. Kulitokea kosa kwenye matengenezo ya mtandao wao wa ndani, alafu seva za DNS za Facebook zikajiondoa kwenye intaneti. Daftari la kwanza lilikuwepo, ila njia ya kulifikia ilipotea. Simu zetu zikawa zinauliza "facebook.com iko wapi?" na hakuna anayejibu. Hata wafanyakazi wao wenyewe walipata tabu, kwa sababu vifaa vyao vya kazi vilitegemea daftari lilelile.

Kama hao liliwakuta, duka lako la barua tano kwa siku litakutwa tu. Cha muhimu uwe unajua kusoma dalili.

3. SOMA NAMBA, USISOME HASIRA

Ujumbe uliorudi una namba ya tarakimu tatu. Tazama tarakimu ya kwanza tu.

IKIANZA NA 4, maana yake "kwa sasa imeshindikana, nitajaribu tena". Seva iliyobeba barua yako inaiweka foleni na kujaribu yenyewe. Seva nyingi huendelea kujaribu mpaka siku 5 ndo zikate tamaa. Kwahiyo ukiona 4, barua haijapotea, iko njiani.

IKIANZA NA 5, maana yake "nimekataa, sijaribu tena". Hapa barua imerudi kweli. Lakini kumbuka yule mhudumu asiyejali: 5 inaweza kuwa ya kweli au ya daftari lililogoma.

Sasa hizi ndo sura unazoweza kukutana nazo.

"451 4.3.0 Temporary lookup failure". Hii ni dalili ya wazi kabisa ya daftari la pili. Seva inasema nimeenda kuangalia jina, sijaweza kulifikia daftari. Subiri.

"451 Temporary local problem". Mwenye seva ana shida ya ndani. Inaweza kuwa daftari, inaweza kuwa kitu kingine kama diski kujaa. Subiri, ikizidi saa moja mpigie.

"Host or domain name not found" pamoja na maneno "try again". Daftari la kwanza halijibu kwa sasa. Bila "try again", na namba ikianza na 5, maana yake jina la duka halionekani kabisa: aidha umekosea herufi, au jina limeisha muda wake halijalipiwa.

"Temporary authentication failure". Umejaribu kuingia, seva imeshindwa kuhakiki paswodi kwa sababu haifikii daftari. Paswodi yako haina kosa. Usiiguse.

"Authentication failed" bila neno "Temporary". Hapa seva imelisoma daftari na paswodi haikulingana. Hapo kweli angalia paswodi.

"550 5.1.1 User unknown" au kwenye Gmail "Address not found". Mtu hayupo, au daftari limedanganya. Hii inahitaji kuthibitisha, tutaiona chini.

Angalizo: programu ya barua kwenye simu mara nyingi haikuonyeshi maneno haya yote. Inakwambia tu "paswodi si sahihi" au "imeshindwa kuunganisha". Ndo maana ni vizuri kuingia kwenye kikasha chako kwa kivinjari, siyo kutegemea programu ya simu peke yake.

4. HATUA SITA ZA KUTAFUTA TATIZO LIKO WAPI

Hizi zifanye kwa mpangilio. Usiruke.

HATUA YA 1: Piga picha ya skrini. Ujumbe mzima, na saa ionekane. Ukifuta huo ujumbe umefuta ushahidi, na mwenye seva atakuuliza.

HATUA YA 2: Ondoa shaka ya intaneti yako. Fungua tovuti nyingine mbili. Badilisha laini kama una laini mbili. Kama umeunganisha Wi-Fi, izime utumie bando la simu. Tunajua mambo yetu: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi nzima tukasota. Siku kama hiyo barua yako ni nzima, ila barabara haipitiki.

Kwenye simu za Android kuna kitu kingine. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta "Private DNS". Baadhi yetu tuliwahi kuelekezwa tuweke jina fulani pale ili kuzuia matangazo. Hilo ni daftari la kwanza la mtu mwingine ulilochagua mwenyewe. Likizima, simu yako inaona intaneti yote imekufa wakati jirani anaperuzi vizuri. Rudisha kwenye "Automatic" ujaribu tena.

HATUA YA 3: Je, ni mteja mmoja au ni wote? Tuma barua fupi kutoka kwenye anwani ya duka kwenda Gmail yako binafsi. Alafu tuma kutoka Gmail kwenda dukani. Zikifika zote, kwako hakuna shida, tatizo liko upande wa mteja. Ya kutoka dukani ikigoma, tatizo liko kwenye kutuma. Ya kwenda dukani ikirudi, tatizo liko kwenye daftari lako, na hii ni hatari zaidi kwa sababu wateja wanakuandikia saa hizi na wanaambiwa haupo.

HATUA YA 4: Angalia daftari la kwanza. Huhitaji kompyuta. Kwenye kivinjari cha simu tafuta "Google Admin Toolbox Dig". Andika jina la duka, sehemu ya baada ya @ tu, alafu chagua MX. Kwa mwenye kompyuta ya Windows, fungua sehemu ya kuandikia amri, andika nslookup -type=mx, acha nafasi, kisha jina la duka.

Likija jina la seva, daftari la kwanza ni zima. Likija neno NXDOMAIN, jina halipo daftarini: angalia herufi, na angalia kama jina lako umelilipia. Likija SERVFAIL, jina linajulikana lakini seva za kulijibia hazitoi jibu sahihi, na hiyo ni ya mwenye seva kushughulikia.

Fanya hivyohivyo kwa jina la mteja kama ndo barua yake iliyorudi.

Na usishangae mteja mmoja akikupata na mwingine asikupate kwa wakati uleule. Majibu ya DNS hukaririwa njiani kwa muda fulani, yanaweza kuwa saa 1 au hata saa 24. Aliyekuuliza karibuni bado anakumbuka ulipo. Anayekuuliza leo kwa mara ya kwanza ndo anakuta daftari limefungwa.

HATUA YA 5: Angalia daftari la pili. Ingia kwenye kikasha chako kwa kivinjari. Jaribu mara moja, kwa utulivu, paswodi iliyo sahihi. Ikigoma, jaribu tena mara moja baada ya dakika 10. Basi. Seva nyingi hukufungia mlango ukikosea mara nyingi mfululizo. Ukijaribu mara ishirini wakati daftari limezima, linaweza kurudi likakuta wewe umefungiwa. Sasa una matatizo mawili.

HATUA YA 6: Mwandikie au mpigie mwenye seva. Ukisema tu "email hazifanyi kazi", utajibiwa "zima washa simu yako". Andika hivi, badilisha yaliyo yako:

"Habari za kazi. Leo tangu saa 4 na dakika 10 asubuhi, barua zinazokuja kwenye anwani yetu zinarudi na ujumbe huu: 451 4.3.0 Temporary lookup failure. Nimejaribu kwa laini mbili tofauti na kutoka Gmail. MX ya jina letu inaonekana vizuri. Kuingia kwenye kikasha pia kunagoma. Naomba mkague kama seva ya barua inalifikia daftari la watumiaji. Naomba pia barua zilizoko kwenye foleni zisifutwe. Picha ya ujumbe nimeambatanisha."

Ujumbe huo unampelekea fundi moja kwa moja mlangoni. Hata kama umeishia kidato cha nne kama sisi wengine, ataona unaelewa unachosema, na hatakuzungusha.

5. HUKU MTEJA ANASUBIRI JE?

Hapa ndo pesa ilipo. Usikae unahangaika na seva mpaka saa 10 ipite. Hatua ya 1 mpaka ya 3 zinachukua kama dakika 10. Ukishaona barua haitafika kwa wakati, mpigie mteja. Kupiga, siyo ujumbe. Alafu mtumie profoma kwa WhatsApp ikiwa PDF, na maneno kama haya:

"Habari ndugu. Kama tulivyoongea kwa simu, barua pepe yetu ina hitilafu tangu asubuhi, nakutumia profoma hapa. Namba ya malipo ni ileile ya siku zote, haijabadilika. Ukipata ujumbe wowote wenye namba tofauti usilipe, nipigie kwanza."

Kwanini hiyo sentensi ya malipo? Kwa sababu siku ambayo mawasiliano ya kawaida yamekatika ndo siku matapeli wanayoipenda. Mteja amezoea kupata barua kutoka anwani yako, leo anapokea kutoka Gmail asiyoijua ikisema "lipa hapa". Akiwa makini hatalipa. Asipokuwa makini, kesho tapeli atafanya hivyohivyo na atalipwa. Mzoeshe mteja wako kusikia sauti yako kabla ya kulipa kwenye njia mpya.

Na wewe mwenyewe, siku hiyo ukipata barua inayosema "akaunti yako ina tatizo, bonyeza hapa uhakiki paswodi", usibonyeze. Daftari likizima linarekebishwa na fundi wa seva, halihitaji paswodi yako.

6. MAMBO MANNE USIFANYE

Usifute anwani ya mteja kwa sababu ya 550 moja. Kanuni ninayoitumia dukani ni hii. Kama tuliwahi kuandikiana, naangalia herufi kwanza, alafu najaribu tena baada ya saa 1, alafu kesho yake. Ikirudi siku tatu tofauti, napiga simu kuuliza. Akisema amebadilisha, ndo nafuta ya zamani. Kama unatumia programu ya kutuma matangazo kwa wateja wengi, ingia humo baada ya hitilafu kuisha uangalie walioondolewa siku hiyo, uwarudishe.

Usibadilishe paswodi daftari likiwa limezima. Badiliko lako linaweza kukataa kuhifadhiwa, au likahifadhiwa sehemu moja na nyingine isijue. Daftari likirudi hujui ipi ni ipi.

Usitume barua ileile mara kumi. Kama jibu lilikuwa la 4, zote ziko foleni. Daftari likifunguka mteja anapokea profoma kumi kwa pamoja, na kama katikati ulirekebisha bei, hajui alipe ipi.

Usikimbilie kuhamisha barua pepe kwenda kampuni nyingine siku hiyohiyo kwa hasira. Barua za wateja zilizoko foleni zinasubiri daftari lako lifunguke. Ukibadilisha MX katikati, nyingine zitaenda huku, nyingine kule, na kampuni mpya kama haijawaandika watumiaji wako itajibu 550, mtu hayupo. Subiri hali itulie, alafu hama kwa mpango kama umeamua kuhama.

7. JIANDAE KABLA HALIJATOKEA

Sisi wa huku tunajua umeme unaweza kukatika bila taarifa, ndo maana tunaweka taa ya sola pembeni. Barua pepe nayo iwekee taa ya pembeni.

Kwanza, jua tarehe ya kuisha kwa jina la duka lako. Majina ya .co.tz hulipiwa kwa msajili kwa kipindi, na kipindi kikiisha bila kulipia, unafutika kwenye daftari la kwanza hata kama seva ni nzima na umeilipia. Andika tarehe hiyo ukutani, siyo kwenye barua pepe tu.

Pili, akaunti yako kwa msajili na kwa mwenye seva usiisajili kwa anwani ya duka lilelile. Hii watu wengi hawaioni mpaka iwakute. Jina limezima, unataka kurudisha paswodi ya msajili, anakwambia "tumekutumia ujumbe kwenye barua pepe yako", na barua pepe yenyewe ndo iliyozima. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Tumia Gmail au anwani nyingine iliyo nje ya duka.

Tatu, uliza mwenye seva, jina langu linajibiwa na seva ngapi za DNS, na ziko sehemu moja au tofauti? Zinatakiwa ziwe angalau mbili. Lakini mbili zilizo nyumba moja na zinazotegemea waya mmoja ni sawa na moja. Facebook walikuwa na zaidi ya moja, na zote zilipotea pamoja.

Nne, wateja wako wakubwa waandike kwenye daftari la karatasi: jina, namba ya simu, anwani ya barua pepe. Ndiyo, karatasi. Daftari la shilingi chache linalokaa chini ya kaunta halihitaji bando.

Tano, chini ya kila profoma yako andika anwani ya pili ya akiba na namba ya simu, kuanzia leo. Mteja akiijua anwani hiyo mapema, siku ukiitumia hatashtuka.

Sita, hifadhi namba ya simu ya mwenye seva wako. Wengine wanakupa barua pepe tu ya kuombea msaada, na siku yao ikizima hata ombi lako haliwafikii.

KAZI YA LEO

Usisome tu ukapita. Kabla hujalala fanya mambo matatu, hayazidi nusu saa. Angalia MX ya jina lako kwa ile Dig, upige picha ya skrini ukiwa mzima, ili siku ya tatizo uwe na cha kulinganisha. Hakikisha akaunti ya msajili iko kwenye anwani ya nje. Andika wateja wako watano wakubwa kwenye karatasi.

Kama bado huna jina lako la duka na unatumia Gmail tu, somo hili bado ni lako, maana wateja wako wenye maofisi wana madaftari yao na yatazima siku moja. Ukiona 4, subiri. Ukiona 5, thibitisha kwa simu kabla hujafuta mtu.

Mwenye ujumbe uliomrudia na hauelewi, auweke hapa chini kwenye maoni. Ficha anwani ya mteja wako kwanza, acha namba na maneno ya kosa tu. Tutausoma pamoja.

Biashara njema.